Mtoto amepasi, sasa aende chuo gani?

Na Mwandishi Wetu, London

Alhamisi ya tarehe 14 Agosti 2025, kabla ya saa mbili asubuhi, nilikuwa nimekaa katika fleti ya ghorofa ya nne mashariki mwa London pamoja na watu watano wa familia moja ya Kizanzibari, sote tukiitazama simu ya mkononi ya binti wa miaka 18. Mama mtu alikuwa bado amejitanda kanga aliyosalia alfajiri. Baba, ambaye ni dereva wa basi, alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Ndugu wawili wa kiume, wadogo zake binti, walikuwa wamekatazwa kuwasha televisheni.

Saa mbili ilipotimia binti akafungua ukurasa, akasoma, akaufunga, akaufungua tena.

"A yenye nyota moja, na A mbili," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma risiti ya duka akihofia wamekosea hesabu.

Mama alipiga kigelegele ambacho nina hakika jengo zima lilikisikia. Kwa wasomaji wetu wa nyumbani, ambao wamezoea kuhesabu kwa divisheni na pointi, hayo ni matokeo ya divisheni wani ya pointi tatu, na kidogo zaidi. Masomo yake yalikuwa Hesabu, Kemia na Baiolojia.

Haikupita robo saa simu zikaanza kuingia kutoka Unguja, Maskati, Dubai na Toronto. Kila aliyepiga alianza na mashaallah, akapongeza, akamuombea mtoto dua, kisha akauliza swali lile lile: "Sasa anakwenda chuo gani?"

Mara ya kwanza mama alilijibu swali hilo kwa kumpa simu mumewe. Mumewe akasema samahani, yuko kwenye lifti, hasikii vizuri. Jengo lile halina lifti.

Ilikuwapo sababu ya baba mtu kusema vile, na nitaieleza. Lakini kwanza niliseme swali lenyewe, kwa kuwa kila Agosti huulizwa katika nyumba nyingi za Waswahili nchi hii, na mara nyingi anayeuliza na anayejibu hawazungumzii kitu kimoja.

Jina la hoteli

Uingereza mwanafunzi haombi chuo baada ya kupata matokeo. Anaomba karibu mwaka mzima kabla, kupitia chombo kimoja cha nchi nzima kiitwacho UCAS, na anaruhusiwa kuchagua vyuo vitano, au vinne ikiwa anaomba udaktari. Wanaotaka Oxford, Cambridge au udaktari lazima fomu zao ziwe zimefika tarehe 15 Oktoba. Wengine wanangoja mpaka Januari. Walimu huandika alama wanazotarajia mtoto atapata, vyuo hutazama makisio hayo, kisha humwambia: tutakupokea ukipata kadhaa. Mtoto huweka chuo kimoja cha kwanza na kimoja cha akiba. Siku ya matokeo ni siku ya kujua tu kama ahadi imetimia. Isipotimia, anaingia katika kliaringi, yaani kupiga simu chuo hiki na kile kutafuta nafasi zilizobaki.

Kwa hiyo makosa mengi ya kuchagua chuo hayafanyiki Agosti. Yanafanyika Septemba na Oktoba ya mwaka wa nyuma, wakati ambapo wazazi wetu wengi hata hawajui kuwa kuna fomu inayojazwa.

Mzazi wa Kiswahili ukimuuliza vyuo vya Uingereza atakutajia Oxford, Cambridge na London. Watoto wao wana neno jingine, Russell Group, na wanalitamka kama vile ni muhuri wa serikali. Si muhuri wa serikali. Ni umoja wa vyuo vikuu vinavyofanya utafiti mwingi, vilivyojikusanya mwaka 1994 ili kutetea maslahi yao, na jina umelipata kutoka Hotel Russell ya hapa London ambako wakuu wake walikuwa wakikutana. Leo una wanachama 24. Chuo cha St Andrews, kilichoanzishwa mwaka 1413, hakimo. SOAS, ambako Wazungu wengi wamejifunza Kiswahili, hakimo. Queen Mary, cha Mile End, ambacho watoto wetu wengi wa mashariki mwa London hukipita kwenye basi, kiliingia mwaka 2012. Majengo na walimu walikuwa wale wale wa mwaka 2011.

Nyumbani nako majina husafiri kwa njia zao. Namjua kijana aliyesoma Oxford Brookes, chuo kizuri ambacho zamani kilikuwa politekiniki na kikawa chuo kikuu mwaka 1992. Mjomba wake Unguja alisikia neno la kwanza, la pili hakulisikia, na mpaka leo baraza nzima inajua kuwa kijana wao amesoma Oxford. Kijana alijaribu kusahihisha mara mbili, akachoka. Kinyume chake, binti mmoja alipata nafasi Imperial, ambako watu hukesha wakitafuta nafasi, na shangazi yake akauliza kama hiyo ni hoteli. Na aliyekwenda Warwick akitarajia kukaa Warwick alishuka na sanduku lake mji mwingine, kwani chuo hicho kiko Coventry.

Sicheki mtu. Nilipofika nchi hii na digrii yangu ya nyumbani ndani ya bahasha ya plastiki, nilipeleka cheti kikalinganishwe, nikalipia, nikapewa barua inayosema kuwa kinalingana na digrii ya Uingereza. Barua ile niliiambatisha kwenye maombi ya kazi mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kusafisha ofisi usiku, na huko hakuna aliyetaka kuiona. Ndani ya lifti ile ya saa tisa za usiku, nikiwa na ndoo na ufagio, nilikuwa pamoja na mwalimu wa sekondari kutoka Bujumbura na mhasibu kutoka Lubumbashi. Tangu hapo naelewa kwa nini wazazi wenzangu wanataka mtoto apate jina lisilohitaji barua.

Na jina hilo wanalolitaka si geni kwetu kama tunavyodhani. Makerere ilifungwa na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, nacho kilikuwa chuo kishiriki cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Wazee waliosoma nyakati zile walihesabiwa bila maswali. Waliokuja baadaye, waliosoma Mlimani ile ile, wakaambiwa walete barua.

Serikali za nyumbani zimeanza kuona athari za kusaka majina. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza skuli bora na wanafunzi kumi bora. Huku magazeti yanaendelea kuchapisha orodha za vyuo bora kila mwaka, kila gazeti na yake, na chuo kilicho cha kumi hapa kinaweza kuwa cha thelathini pale.

Mtu wa Canterbury

Ninapoulizwa na wazazi, hutoa mfano mmoja ambao Mzanzibari hawezi kuukataa. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaikimbia baada ya Mapinduzi, akafika Uingereza akiwa kijana asiye na kitu. Alifanya kazi za chini hospitalini. Alisoma katika chuo cha Christ Church, Canterbury, ambacho Kanisa la Uingereza lilikianzisha mwaka 1962 kwa ajili ya kufundisha walimu. Udaktari wa falsafa aliupata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, na hapo hapo Kent akafundisha mpaka alipostaafu. Si Christ Church wala Kent iliyomo katika ule umoja wa hoteli. Oktoba 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na wiki ile kila Mzanzibari alikuwa amesoma naye.

Baba mmoja alinijibu: "Huyo ni Gurnah, ndugu yangu. Mimi nina mtoto wa kawaida." Ni jibu la haki. Mtu mmoja aliyefika kileleni haonyeshi njia ya wengine wote, na sitaki kumdanganya mtu kwamba jina halina kazi. Lina kazi, lakini si kila mahali.

Kwa daktari, halina kazi kubwa. Aliyesoma udaktari chuo cha zamani na aliyesoma chuo kilichofunguliwa juzi wanaandikishwa katika daftari moja la madaktari, na mgonjwa haulizi. Muuguzi ni hivyo hivyo. Mfamasia ni hivyo hivyo: miaka minne ya chuo kilichoidhinishwa, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na mtihani mmoja wa usajili kwa wote. Lakini kijana anayetaka kuingia benki kubwa za uwekezaji au makampuni makubwa ya mawanasheria ya hapa London, huyo jina litamsaidia, tena sana, kwa sababu waajiri hao huenda wenyewe kwenye vyuo vichache kutafuta watu, na kwa sababu waliomo humo ndani walitoka huko huko. Nani atakuwa mwenzako wa dakhalia ni sehemu ya unachokilipia.

Na kozi inapima kuliko wengi wanavyodhani. Taasisi ya Institute for Fiscal Studies, iliyofuatilia mapato ya wahitimu kwa kutumia kumbukumbu za kodi, ilionyesha mwaka 2018 kuwa tofauti kati ya fani na fani ni kubwa mno: udaktari na uchumi juu, sanaa chini, na wapo wanaume waliopitia baadhi ya vyuo ambao mapato yao hayakuwazidi wenzao wasiosoma chuo kabisa. Bado nakutana na mzazi anayemsukuma mtoto kwenye kozi asiyoipenda, ilimradi iko ndani ya chuo chenye jina. Mtoto anafeli mwaka wa kwanza, anarudi nyumbani, na deni la mwaka ule linabaki.

Pauni na riba

Deni lenyewe ni jambo ambalo jamaa wa nyumbani hawalioni. Mpaka mwaka 1998 Mwingereza alikuwa akisoma chuo kikuu bila kulipa ada. Mwaka huo ikawekwa ada ya pauni 1,000. Mwaka 2006 ikawa 3,000, mwaka 2012 ikaruka mpaka 9,000, mwaka 2017 ikawa 9,250, na kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 England ni 9,535. Miaka mitatu ni pauni 28,605 kabla mtoto hajala wala kulala. Vyuo karibu vyote hutoza kiasi hicho hicho cha juu, chenye jina na kisicho na jina, kwa hiyo bei haikusaidii kuchagua. Scotland, mtoto wa huko akisoma huko huko, halipi.

Wengi hawalipi taslimu, wanakopa serikalini. Kwa walioanza chuo tangu Agosti 2023, mhitimu hukatwa asilimia 9 ya mapato yanayozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kilichobaki hufutwa baada ya miaka 40. Anayepata pauni 30,000 hukatwa pauni 450 kwa mwaka. Si mzigo wa kuvunja mgongo, lakini ni wa kubebwa mpaka mtu akaribie kustaafu, na unaongezeka kwa riba.

Hapo ndipo nyumba nyingi za Waislamu zinapogawika. Wapo masheikh wanaosema mkopo huo unaruhusika kwa dharura au kwamba si mkopo wa kawaida, wapo wanaosema riba ni riba. Serikali iliahidi mkopo unaofuata sharia, ikakusanya maoni mwaka 2014, na sheria ya mwaka 2017 ikaipa uwezo wa kuuanzisha. Mwaka wa masomo wa 2025/26 umeanza na mkopo huo haujafika. Waliokuwa skuli za msingi ahadi ilipotolewa wameshamaliza vyuo.

Jirani wa familia niliyokuwa nayo siku ile ana kijana aliyepata nafasi ya Uhandisi katika chuo kikubwa cha hapa mjini. Baba hataki riba na kijana hataki kumkosesha radhi babake. Familia ilipanga mchango kama wa harusi: ami wa Maskati, khalati wa Leicester, kila mtu na ahadi yake. Walipojumlisha wakapata ada ya mwaka mmoja na robo. Kijana akachukua njia nyingine, ya kuajiriwa na kampuni huku akisomeshwa digrii siku moja kwa wiki, mpango ulioanza England mwaka 2015. Mwajiri analipa ada na mshahara juu. Cheti atakachopata kitakuwa cha chuo ambacho mjomba wake hajakisikia. Nilipomuuliza kama anasikitika alisema, "Nasikitika kidogo siku za Jumapili, nikiona picha za wenzangu." Nilimpenda kwa kusema hivyo, maana wengi wangejibu kuwa hawajali.

Miaka na miezi

Sasa nirudi kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Kwa ombi lao sitaji majina.

Binti yule alizaliwa Aprili 2007, akaletwa Uingereza mwanzoni mwa Agosti 2017, akiwa na miaka 10 na miezi 4. Familia inaishi kwa kibali cha muda, kile cha miezi 30 kinachoombwa upya tena na tena mpaka itimie miaka 10. Si wakimbizi waliotambuliwa, wala bado hawana makaazi ya kudumu. Wanafanya kazi, wanalipa kodi, wanalipia vibali. Mtoto amesoma hapa tangu mwaka wa mwisho wa skuli ya msingi na hajui kuwa yeye ni tofauti na wenzake.

Katika vyuo vyake vitano aliweka kimoja kikubwa sana cha London. Fani ni Famasia. Chuo kikampokea kwa masharti ya alama ambazo, kama tulivyoona, alizipata. Lakini Februari ilikuja fomu ya kuuliza hali ya ukaazi, na Machi likaja jibu: atahesabiwa kuwa mwanafunzi wa kigeni. Ada ya kigeni kwa kozi ile ni zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka, kwa miaka minne, na mkopo wa serikali hapati hata senti.

"Mwanangu mgeni?" mama yake aliniuliza siku ile ya Machi, barua mkononi. "Mgeni wa nani?"

Sheria iko hivi, na naomba kila mzazi mwenye kibali cha muda aisome mara mbili. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa ushindi binti mmoja aliyeletwa kutoka Zambia mwaka 2001 akiwa na miaka 6, aliyekuwa kiranja mkuu wa skuli yake na kunyimwa mkopo kwa sababu hakuwa na makaazi ya kudumu. Baada ya hukumu ile serikali ikaweka kanuni mpya. Mwenye kibali cha muda anaweza kupata mkopo na ada ya wenyeji England ikiwa ameishi hapa kihalali miaka mitatu ya karibuni, na zaidi ya hapo, siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, ama awe chini ya miaka 18 na ameishi hapa miaka 7, ama awe na miaka 18 au zaidi na ameishi hapa nusu ya umri wake, au miaka 20.

Kifungu cha miaka 7 kinasikika kuwa cha huruma. Lakini mwaka wa masomo wa vuli unaanza kuhesabiwa tarehe 1 Septemba, na mtoto anayefuata madarasa ya kawaida ya England huwa ametimiza miaka 18 kabla ya tarehe hiyo. Kinachobaki kwa karibu wote ni nusu ya umri.

Mimi na baba mtu tulikaa na kalamu. Tarehe 1 Septemba 2025 binti atakuwa na miaka 18 na miezi 5, nusu yake ni miaka 9 na miezi miwili na ushei. Atakuwa ameishi hapa miaka 8 na mwezi mmoja. Anapungukiwa na kama miezi 13. "Basi asubiri mwaka mmoja na kidogo," alisema baba. Nilimwambia hapana, kwa sababu akisubiri mwaka, umri nao unakwenda, na pengo linapungua kwa nusu mwaka tu. Tulipiga hesabu mara tatu. Atafikia nusu ya umri wake Desemba 2027, kwa hiyo mwaka wa masomo atakaoweza kuanza ni Septemba 2028. Miaka mitatu. Baba akaweka kalamu chini, akaenda kusimama dirishani.

Kwa kifupi, mtoto mwenye kibali cha muda aliyefika kabla ya kutimiza miaka 9 atakuwa ametimiza sharti hilo akianza chuo kwa wakati wake. Aliyefika akiwa na miaka 10, 11, 12, mzazi wake aanze kuuliza mapema, akiwa bado kidato cha tatu na si siku ya matokeo. Mkimbizi aliyetambuliwa na mwenye makaazi ya kudumu wana kanuni zao, zilizo nyepesi zaidi, na Scotland na Wales wana zao. Mwanasheria wa uhamiaji aulizwe kabla ya mjomba.

Iko njia moja ambayo wengi hawaijui. Vyuo kadhaa vya Uingereza vimejiandikisha kuwa vyuo vya hifadhi, na hutoa udhamini kwa waomba hifadhi na kwa watoto wenye vibali kama cha binti huyu ambao wamefungiwa mkopo. Baadhi hufuta ada yote, baadhi huongeza chumba na posho. Nafasi ni chache sana na fomu hufungwa majira ya machipuko, miezi kabla ya matokeo. Katika vyuo vitano vya binti yule viwili vilikuwa na udhamini huo. Chuo kikubwa cha London hakikuwa kimojawapo kwa kozi yake.

Aliandika maombi mawili. Nilimsaidia la kwanza, nikaliharibu kwa maneno makubwa ya kigazeti. La pili aliliandika peke yake, usiku, kwa Kiingereza chake cha kawaida, akieleza jinsi anavyomfasiria mama yake kwenye duka la dawa tangu akiwa na miaka 11. La pili ndilo lililojibiwa. Mwishoni mwa Mei aliitwa kwa mahojiano ya kompyuta, na wiki ya kwanza ya Juni akapewa: ada yote ya miaka minne, na chumba cha dakhalia. Ni chuo cha mji wa katikati ya England, kilichokuwa politekiniki. Siku mbili baadaye alibonyeza kitufe cha kukikataa chuo cha London. Mama yake aliniambia alikwenda chooni akafungulia maji ya bomba ili asisikike.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Agosti, kila aliyepiga simu alipouliza chuo gani, wazazi walijua jibu tangu Juni. Walichokuwa hawajakipata ni namna ya kulitamka. Baba aliniambia jikoni, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari, "Wataona kama nimemnyima. A tatu, halafu kule?" Nilimwambia mtihani wa usajili ni ule ule. Akasema, "Najua. Waeleze wewe Unguja."

Binti mwenyewe alikuwa sebuleni akitazama kwenye simu yake njia ya basi kutoka stesheni ya mji ule mpaka dakhalia. Alikuwa ameshajua kuwa kuna duka linalouza unga wa sembe na nazi za kukuna.

Saa nane mchana akapiga ami yake baba, mkubwa wa ukoo, kutoka Ng'ambo. Sauti ilikuwa imewekwa juu, sote tulisikia. Aliomba dua ndefu, kisha akauliza. Safari hii mama hakumpa mtu simu. Akalitaja jina la chuo lote, polepole, la kwanza na la pili.

Kukawa kimya kidogo upande wa pili.

"Ndiyo Oxford hiyo?"

"Siyo, ami. Lakini hawamtozi. Hata chumba hawamtozi."

"Hata chumba?"

"Hata chumba, ami."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi mpe simu mtoto," alisema mzee.